Moyo Mdogo wa Kisogoni

Asije mtu akanidanganya kwamba kupiga picha ya pasipoti ni kazi rahisi. Nimeifanya tangu ujana wangu. Nimepiga watoto wachanga wasiojua kazi ya shingo, nimepiga wazee wanaosinzia wakiwa wamekaa, nimempiga bwana harusi aliyekataa kata kata kuvua miwani kwa sababu jicho moja lilikuwa limevimba kwa ngumi ya shemeji yake. Wote walitoka dukani kwangu na picha safi, sura imekaa, masikio mawili yanahesabika. Picha iliyotikisika kwangu haitoki. Ikitikisika naichana mbele ya mteja na kumrudisha kwenye stuli, apende asipende.

Halafu akaja Sharubu.

Sharubu ni mmoja wa wale Wakaazi wa Asili ya Mbali. Hilo ndilo jina lao la serikali, na sijui nani alilitunga maana halimalizikii mdomoni. Mtaani watu huwaita mapaka, kwa kunong'ona, wasijue kwamba hawa wenzetu husikia mnong'ono wa mtaa wa tatu. Jina la Sharubu alipewa na watoto wa chekechea iliyo nyuma ya duka langu, ambako kazi yake ni kuwalaza watoto mchana. Ngozi ya tumbo lake imelegea na kujikunja kama blanketi, na yeye hujilaza chali sakafuni, watoto wanne watano wakajichimbia humo, kisha huanza kukoroma. Si kukoroma kwa mume wangu, ambako kunaamsha majirani. Ni mkoromo wa raha unaotoka kwenye koo la pili, chini ya lile la kusemea, na mtoto akiusikia hana ujanja. Mjukuu wangu mwenyewe, ambaye ana kichwa kigumu cha upande wa baba yake, hajawahi kulala mchana ila juu ya tumbo hilo.

Kwa hiyo Sharubu aliponiambia kwamba kibali chake cha kuishi kinakaribia kwisha, na ofisi ya vibali inataka picha mpya la sivyo anapandishwa meli ijayo ya kurudi kwao, nilikuwa na sababu zangu za kuifanya kazi hiyo vizuri. Mtoto asiyelala huletwa kwa bibi yake.

"Shikamoo, mama," alisema, akiinama kupita mlangoni.

"Marahaba. Kaa pale. Mkia weka popote usiponikwaza."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hukaa kaunta kupokea pesa na kutoa maoni yasiyoombwa, alisogeza kiti chake ili aone vizuri.

Kumkalisha tu kulinitoa kijasho. Uti wake wa mgongo una pingili nyingi kuliko wetu, na kila pingili ina mawazo yake. Nikimwambia ageuke kushoto kidogo, kichwa kinageuka, kifua kinabaki, kiuno kinatazama dirishani. Mikono yake ina dole gumba kila upande, kwa hiyo alipoishika stuli aliishika kwelikweli, na kucha zikachomoza kidogo na kutoboa kitambaa. Aliomba radhi. Nikamwambia tutaongea baadaye.

Masharti ya ofisi nimeyabandika ukutani: mdomo ufungwe, macho yawe wazi, masikio yote mawili yaonekane. Mdomo aliufunga, meno mawili yakabaki nje. Hayo hayana pa kwenda, alisema, ndivyo alivyoumbwa. Nikapiga. Flashi ilipowaka, macho yake yakarudisha mwanga wote kwangu, kijani kitupu.

"Hiyo siyo picha ya mtu," wifi alisema. "Hilo ni lori linakuja."

Nikazima flashi, nikawasha taa kubwa. Mboni zake zikajibana zikawa nyuzi mbili zilizosimama, halafu kope ya tatu, nyeupe, ikatoka pembeni ya kila jicho kama pazia la bafuni na kuyafunika. Nikazipunguza taa mpaka kope zikarudi. Sasa sharubu. Anazo mashavuni, juu ya macho na hata viwikoni, na akivutiwa na kitu zote huelekea mbele. Alivutiwa na lenzi. Kidevu kikapotea. Nikamwambia afikirie kitu kinachochosha, akafikiria mikutano ya wazazi wa chekechea, zikalala. Basi kwa kuwa alikuwa na wasiwasi, koo la pili likaanza kukoroma lenyewe, na stuli ikaanza kutembea.

Tulipata picha hatimaye. Karani wa vibali akairudisha kesho yake. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mwombaji hana masikio.

Nilipandwa na hasira, lakini nilipoitazama picha niliona karani hana kosa. Masikio ya Sharubu ni makubwa kuliko viganja vyangu, ncha nyeusi, ndani yana manyoya laini ya rangi ya maziwa. Hayatulii. Moja linakwenda, lingine linarudi, yanapumzika, yanaanza tena. Kwenye picha, juu ya kichwa chake palikuwa na moshi.

"Yatulize," nilimwambia aliporudi.

"Siwezi, mama. Siyachezeshi mimi."

"Nani anayachezesha, mimi?"

Akaniinamishia kichwa. "Tuna mioyo miwili. Mkubwa uko kifuani, kazi yake damu. Mdogo uko huku kisogoni. Shika."

Nikapenyeza vidole kwenye manyoya. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kidogo kinachodunda, kama kifaranga ukikifumba mkononi.

"Huo kazi yake ni masikio tu," alisema.

"Na ukisimama?"

"Ukisimama, ndiyo basi tena."

Mtu mwenye akili timamu angeyatafakari maneno hayo. Mimi akili yangu ilikuwa imeshakimbilia kwenye kamera mpya ambayo mume wangu alininunulia baada ya ugomvi fulani, kamera inayoweza kumnasa nzi hewani ukahesabu mabawa. Nikaiweka kwenye kasi yake ya mwisho, nikammulika kwa taa kutoka pembeni ili kope zisitoke, nikabonyeza. Ikatoka picha ambayo sijawahi kuipiga nyingine kama hiyo. Kila unywele ulionekana. Mistari ya paji la uso, pua yenye unyevu, sharubu zote, na masikio mawili yamesimama wima, yametulia tuli.

Sharubu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama kando.

"Ni mimi kweli?" aliuliza.

"Ni wewe siku ukioga," wifi akasema.

Karani alipokea, akagonga muhuri, Sharubu akapewa miaka mingine ya kuishi. Mimi nikafanya kile ambacho fundi yeyote mwenye kujivunia kazi yake angefanya: nikaikuza picha ile ikawa na ukubwa wa meza ya chakula, nikaitia fremu nyeusi, nikaiweka dirishani.

Siku ile ile mbele ya duka pakaanza uchafu. Wifi alikuta manyoya mlangoni, kishungi kimoja cha kijivu, akafagia. Baadaye vitatu, vya rangi tofauti. Akafagia akilalamika kwamba hawa watu kama wananyonyoka wakanyonyokee kwao. Mimi niliwaona kwa macho yangu. Alikuwa akipita mmoja wao, anatazama dirishani, anasimama. Kope nyeupe zinafunga. Mkono unakwenda kifuani, kucha zinachomoza, unang'oa kishungi cha manyoya kwa nguvu mpaka ngozi inavutika, unakiweka kizingitini, kisha mwenyewe anaondoka bila neno. Nikajua wameipenda picha yangu. Nilitembea mtaani kichwa juu.

Baada ya siku chache Sharubu akaja, akaketi kwenye stuli bila kuambiwa. Mkia ulikuwa umelala sakafuni kama kamba iliyosahaulika.

"Mama," alisema, "nimekufa."

"Umekufaje, na stuli yangu unaendelea kuitoboa?"

"Nyumbani tunapokaa wenzangu wamegawana mito yangu. Nikiwasalimia wananipita. Jana niliketi mezani, mwenzangu akaniwekea sahani juu ya kichwa, kana kwamba hapo hapana mtu."

Wifi alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza.

Ndipo Sharubu akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto. Kwao masikio yaliyotulia huonekana mahali pamoja tu, kwenye maiti. Picha iliyoko dirishani kwangu kwa macho yao ilikuwa tangazo la msiba, na manyoya ambayo wifi alikuwa akiyafagia yalikuwa rambirambi. Tena ni zaidi ya hapo. Mtoto wao akizaliwa, moyo mdogo hauna mwendo. Unatetemeka tu ovyo. Mama yake huyashika masikio na kuyachezesha kwa mwendo anaouchagua, siku baada ya siku, mpaka moyo mdogo uushike. Mwendo huo ndio jina. Hawaitani kwa mdomo, hutazamana masikio. Mtu aliyeonekana masikio yametulia hana jina tena, na mtu asiye na jina utamsalimiaje?

"Lakini wewe mzima! Si wanaona masikio yako yanacheza?"

"Wakishang'oa manyoya hawatazami tena. Ni adabu. Anayeweza kunirudishia jina ni aliyenipa."

"Basi mwite mama yako."

"Ameshaitwa," alisema. "Yuko njiani na meli. Anakuja kunizika."

Yeye akaendelea, na sauti ya koo la juu ilikuwa imekauka. Mzazi aliyefiwa husafiri kope za tatu zikiwa zimefungwa, haoni mtu. Huzifungua mbele ya uso wa marehemu peke yake. Mama yake angeletwa moja kwa moja mpaka dirishani kwangu, angefungua macho, angeona masikio yale yamesimama, angeng'oa manyoya yake. Na mama aking'oa, mambo yamekwisha. Hata akimkuta mwanawe barabarani anamlilia miguuni, hatamwona, mpaka naye afe.

"Nitaitoa picha sasa hivi," nilisema.

"Ukiitoa ataoneshwa dirisha tupu, na wenzangu watamwambia walichokiona. Lazima auone uso. Ila uwe uso wangu."

Nilimwelewa, na sikupenda nilichokielewa. Alikuwa akiniomba picha iliyotikisika. Mimi! Tena niikuze niitundike dirishani, na jina la duka langu chini yake, watu wa mtaa mzima wapite waseme Mama Picha macho yamekwisha.

"Meli inafika lini?" niliuliza.

"Kesho asubuhi."

Nikamwambia wifi afunge mlango na kupika chai nyingi.

Nilidhani kuharibu picha ni jambo jepesi, maana wanafunzi wangu wote wamefanya bila kufundishwa. Kumbe kuiharibu inavyotakiwa ni balaa. Niliitoa kamera ya kasi, nikachukua ile ya zamani ambayo unafungua lenzi kwa kutoa kifuniko kwa mkono na kukirudisha unapotaka. Nikakiacha wazi muda mrefu, masikio yakatoweka kabisa, kichwa kikawa kama cha samaki. Nikakirudisha upesi, yakasimama, akawa maiti tena. Katikati ya hapo palitoka moshi, kama ule ule uliomuudhi karani.

"Huyu ni nani?" nilimwonesha.

"Huyu ni mtu yeyote," alisema. "Hana mwendo."

"Mwendo wako ukoje? Nioneshe polepole."

Alinionesha kwa vidole mezani. La kulia mara mbili, la kushoto linaitikia, yote yanainama nyuma, kimya kidogo, tena. Kile kimya kidogo ndicho chenyewe, alisema, mama yake alikiweka kwa sababu alizaliwa akiwa mtoto wa kushangaa. Nikajaribu kwa kifuniko. Fungua wakati wa kulia, ziba, fungua wakati wa kushoto, ziba, fungua kwenye kimya na hapo kaa. Nilikosea nikaanza upya. Wifi alikuwa akitupigia kwa kijiko kwenye kikombe ili nisipotee, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo ule alifanya kazi bila kusema neno.

Tatizo lililobaki ni ule mkoromo. Kila tulipokaribia, wasiwasi ulimpanda na koo la pili likaanza, uso mzima ukatetemeka.

"Jikaze," nilimwambia.

"Najikaza, mama. Ndiyo maana linakoroma."

Nikachoka. Nikamwambia koroma basi, koroma mpaka ubomoe nyumba, nami nikafungua kifuniko. Fungua, ziba, fungua, ziba, fungua, kaa.

Picha ile kwa kanuni za kazi yetu ilikuwa aibu tupu. Kingo za uso hazikushikika, mashavu yalikuwa na manyoya mara mbili, sharubu zilikuwa mvua. Lakini juu yake masikio yalionekana yakienda na kurudi, la kulia limejirudia, la kushoto moja, na katikati, kwa ule muda nilioacha wazi, umbo zima hafifu limetulia kidogo kama mtu anayesikiliza. Sharubu aliitazama na masikio yake halisi yakaanza kuifuata, au yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiyafuata. Alinisukuma bega kwa paji la uso, karibu aniangushe.

Asubuhi walikuja. Mama yake alikuwa mfupi kuliko nilivyotegemea, viwiko vimekatika manyoya kwa uzee, manyoya ya mgongoni meupe. Vijana wawili wa kwao walimshika huku na huku, na nyuma yao wakaja wengine, barabara ikajaa mikia. Kope zake zilikuwa zimefunga, nyeupe kama ganda la yai. Mkono wa kulia ulikuwa tayari kifuani, kucha zimeshaingia kwenye manyoya. Sharubu nilikuwa nimemsimamisha ndani, kando ya mlango, na alikuwa akitetemeka mpaka vioo vya kaunta vinagongana.

Wakamfikisha dirishani. Kope zikafunguka.

Nilitazama ule mkono tu. Ulikaza. Niliona ngozi ya kifuani ikivutika, nikasema moyoni yamekwisha, nimemuua mtoto wa watu kwa kamera. Kisha mkono ukasimama. Mzee yule akasogeza pua mpaka ikagusa kioo na kuacha alama ya unyevu. Masikio yake yakacheza, polepole, kwa mwendo ambao nilikuwa nimeupiga kwa kifuniko mpaka mkono ukaniuma. Kulia, kulia, kushoto, nyuma, kimya. Akaurudia tena. Alikuwa akimwita mwanawe.

Sharubu hakungoja. Alitoka mlangoni, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

Mama yake alimnusa. Alimnusa shingo, makwapa, nyuma ya magoti. Aliporidhika alimtandika kofi la pua ambalo nililisikia mpaka mimi, na kwa hilo sikuhitaji mkalimani. Halafu akayashika masikio yake kwa madole gumba yake manne na kuanza kuyachezesha, kama kwa mtoto aliyezaliwa leo. Barabara nzima masikio yakaanza kuitikia kwa mwendo huo huo, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule aliyemwekea sahani kichwani. Wifi alikuwa akilia waziwazi akijifuta kwa kitambaa cha kusafishia lenzi.

Ndipo yule mzee akaniona. Alinitazama usoni, akatazama masikio yangu, la huku na la huku. Akasogea akayatazama na nyuma yake. Akamuuliza mwanawe jambo, na Sharubu akatazama chini.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Usikasirike, mama."

"Sema."

"Anauliza ulifariki lini."

"Mwambie mimi mzima!"

"Nimemwambia. Anasema masikini, pengine hukuambiwa."

Wifi alipasuka kicheko. Mimi nilikuwa natafuta jibu la kumpa yule bibi, jibu kali, ninayo mengi, lakini alikuwa ameshanifikia. Viganja vyake vilikuwa vya joto, vyenye vinyama laini vilivyosuguliwa na kazi za miaka. Akayashika masikio yangu, ambayo tangu mama yangu mzazi aondoke hapajatokea mtu wa kuyashika ila daktari, akayakunja mbele, akayarudisha, akalivuta la kushoto mara moja, akatulia, akayakunja tena. Alirudia akiwa ananitazama machoni, bila haraka, na koo lake la pili likikoroma. Mimi mwanamke mzima, mwenye mjukuu, nilisimama mlangoni mwa duka langu machozi yakanitoka, na sikuyaficha.

"Amekupa jina," Sharubu alisema. "Anauliza kama umelishika."

Nilikuwa nimelishika tangu mara ya kwanza.

"Mwambie bado," nilisema. "Mwambie arudie."